Pingamizi la Kiti cha Dereva

Mtu wa Upareni ukitaka kumfurahisha, usihangaike kumnunulia kitu. Mpe kanuni, halafu mwache agundue kwamba kuna mwenzake ameivunja. Utamwona anavyonawiri. Ataacha shamba, ataacha makande yaungue jikoni, atapiga pasi shati na kwenda kusimama mahali aseme, "Mheshimiwa mwenyekiti." Majirani zetu wote wanalijua hilo na wanatucheka, nasi tunacheka nao, kisha tunauliza kama kicheko chao kimefuata utaratibu.

Ndiyo maana Chama cha Magari ya Kale cha Same kilikuwa na kanuni kabla hakijawa na magari. Magari yenyewe yalikuwa ya kuhesabika: Landrova zilizostaafu serikalini, Pijo zilizobeba tangawizi na mabibi harusi enzi hizo, Foksiwageni moja ya padri, na lori dogo ambalo mwenyewe aliapa kwamba linatembea. Kila Nane Nane yanakusanyika Kisiwani, huko tambarare, na kupanda mlima moja moja mpaka Mbaga huku saa inahesabu. Atakayetumia muda mfupi kuliko wote ndiye bingwa, na mwaka mzima hakuna atakayekunywa chai naye bila kuambiwa habari za kona zile.

Kanuni kubwa ilikuwa kwamba gari liwe limetengenezwa kabla ya mwaka sabini na tano, na kila kifaa chake kiwe cha rika lake. Gari la mwaka sitini na nane livae vya mwaka sitini na nane. Taa za kisasa marufuku, tairi pana za vijana marufuku, redio ya flashi marufuku. Sababu ilikuwa nzuri, maana bila hivyo mwenye nazo angetia injini ya jana ndani ya bodi ya juzi, akawaacha wenzake wanasukuma. Lakini sababu nzuri haijawahi kuzuia kesi. Mwaka juzi kamati ilikaa tangu asubuhi mpaka jua likazama kuamua kama skrubu alizowekewa dereva mmoja mguuni, baada ya kuanguka na pikipiki, ni kifaa cha kisasa ndani ya gari la kale. Ikaamuliwa kwamba si kifaa cha gari, kwa kuwa dereva akishuka anashuka nazo. Watu walirudi nyumbani na furaha ya sikukuu.

Mkaguzi wa chama alikuwa Clemence, kijana wa Mbaga mwenye gereji ndogo mjini Same, ng'ambo ya barabara kuu. Alichaguliwa kwa ugumu wake wa kichwa. Mwaka wake wa kwanza alimkatalia mjomba wake mwenyewe kwa sababu ya kichujio cha mafuta cha plastiki, na mjomba hakumsemesha mpaka Krismasi. Ukaguzi wake ulikuwa na mpangilio usiobadilika. Alianza chini ya gari, amelala chali vumbini na tochi mkononi. Akaja kwenye boneti. Mwisho kabisa alifungua mlango, akakaa kwenye kiti cha dereva, akafumba macho, akakanyaga pedali zote, akazungusha usukani na kusikiliza. Alisema gari likiwa limesimama mbele yako linaweza kukudanganya, ila ukilikalia linasema lenyewe.

Sasa, Clemence huyu alikuwa anampenda Jenifer.

Jenifer aliuza dawa katika duka moja pale Same, na mwaka wa pili huo walikuwa wanaonana kimyakimya, kwa sababu mama yake Jenifer alikuwa Evaline. Hapo inabidi nieleze kidogo. Evaline alikuwa mkunga mstaafu, mjane, sauti ya pili katika kwaya ya Walutheri wa Mbaga, na mwenye Pijo 404 ya rangi ya maziwa. Nusu ya watu wa milima ile walidondokea mikononi mwake, Clemence akiwamo. Aliwahi kumshinda shemeji yake kesi ya mpaka wa shamba, kisha akamwachia shamba lenyewe, kwa kuwa alichokitaka yeye kilikuwa ni kushinda. Na wachumba wawili wa Jenifer aliwarudisha walikotoka. Wa kwanza alikuja na gari akaliacha linanguruma nje huku anaamkia wazee. Wa pili alijileta mwenyewe bila mshenga, akaketi kabla ya kukaribishwa.

"Kijana anayeanza na binti kabla ya wazee," alisema Evaline siku ile, kwaya nzima inasikia, "huyo kwangu ni mwizi wa kuku, hata kama atakuja na ng'ombe."

Ng'ombe Clemence hakuwa naye. Alikuwa na mpango. Evaline atashinda mbio, atafurahi, na furaha ikiwa bado ya moto mshenga atapanda Mbaga, ili mambo yaanze kwa heshima kana kwamba hayajawahi kuanza. Kilichotakiwa ni kimoja tu, mama asijue mapema. Akijua kabla ya posa, Jenifer ndiyo basi tena.

Asubuhi ya Nane Nane uwanja wa Kisiwani ulijaa. Wanawake walikuwa wameshateleka makande, kwaya ilikuwa inapasha sauti, na Athumani alikuwa anazungukazunguka na saa yake ya kusimamishia mbio. Athumani ni mtu wa Kigoma aliyeletwa huku na kazi ya mkonge akazeekea hapahapa. Alipewa saa kwa sababu ndiye mtu pekee pale ambaye hakuwa na ukoo wala kesi na yeyote. Ukaguzi ulikuwa unafungwa saa tatu kamili, na gari ambalo halijabandikwa stika ya mkaguzi kufikia saa hiyo lilikuwa halipandi mlima.

Clemence alianza na Landrova ya Mzee Abednego, dereva mstaafu wa halmashauri, ambaye mwaka uliopita Evaline alimshinda kwa kitambo cha kupiga chafya. Chini safi. Boneti safi. Clemence akakaa kwenye kiti, akafumba macho, akayafumbua.

"Mzee, hapa mgongoni kuna nini?"

"Ni mgongo wangu huo unausikia," alijibu Abednego.

Ilikuwa sponji, kipande cha godoro kilichokatwa vizuri na kushonewa turubai la kijani ili kifanane na kiti. Clemence akaeleza kwamba mwaka ule Landrova zilitoka na kiti kigumu, na magodoro ya sponji ya namna ile hayakuwepo. Abednego alikitoa kile kisponji kimyakimya, akakikumbatia kifuani, akaenda kusimama karibu na gari lililofuata ili aone haki ikitendeka. Gari lililofuata lilikuwa Pijo ya Evaline.

Tangu lilipoingia uwanjani Clemence alikuwa ameona kitu kilichomnyima raha. Mwaka jana Evaline akikaa kwenye usukani ungeona macho na paji la uso basi, maana springi za kiti kile zilikuwa zimechoka. Mwaka huu ungeona mpaka mabega, na kitambaa chake cha kichwani kilikuwa kinagusa dari. Mtu akishafika umri wa Evaline harefuki. Tena watu wote wa Mbaga walijua kwamba kiuno kilikuwa kinamsumbua, na kwamba Noah, gari la kisasa la shemeji yake, yule wa shamba, ilikuwa imepinduka na kuuzwa vipande vipande.

"Shikamoo, mama," alisema Clemence.

"Marahaba. Kagua vizuri, nisije nikasingiziwa."

Evaline alishuka. Alikuwa amevaa ovaroli ya bluu, suruali na shati kitu kimoja, kama fundi. Juu ya kiti aliacha khanga, imetandikwa na kuchomekwa pembeni kwa mikono yake mwenyewe. Jenifer, ambaye ndiye aliyekuwa anamsomea mama yake kona za njiani, alibaki kwenye kiti cha abiria, helmeti kichwani, anatazama mbele. Alijifanya hamjui Clemence, na alijifanya vizuri mno, mpaka Clemence akaumia kidogo.

Clemence akalala chini ya Pijo. Safi. Boneti safi, kabureta yake ileile, plagi, nyaya. Akaja mlangoni, akaushika, akainama ili akae, na hapo miguu ikagoma.

Alikuwa amekulia katika nyumba ambayo baba yake hakuwahi kukaa pale alipokaa mama mkwe wake. Bibi akija kuwatembelea, baba alizunguka nyuma ya nyumba ili asipishane naye mlangoni. Wakikutana njiani baba alitoka kwenye njia na kuingia migombani mpaka bibi apite, na baba alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Hakuna aliyemfundisha Clemence kwa maneno. Aliona tu, na mambo ya kuona yanakaa mwilini. Sasa mbele yake kulikuwa na kiti chenye joto la mama mzazi wa Jenifer, na khanga yake juu yake. Kichwa kilimwambia kwamba hilo ni gari, wewe ni mkaguzi, kaa. Mwili ukamwambia kwamba huyo ni mkwe wako. Akabishana na mwili wake pale mlangoni, wakati Evaline anamtazama, Abednego anamtazama, na Jenifer hamtazami.

Tena, tuseme kweli, kulikuwa na sauti nyingine ndogo iliyomwambia kwamba asipokaa hatajua, na asipojua hatalazimika kusema.

Akaingiza mkono dirishani, akaugusa usukani, akauzungusha mara moja. Akafunga mlango. Akabandika stika kwenye kioo.

"Umechemka, wamekuona," alisema Jenifer kwa midomo, bila sauti.

Saa tatu ikapiga, Athumani akapuliza filimbi, na ukaguzi ukafungwa. Magari yakaanza kupangwa. Ndipo Mzee Abednego, kisponji chake bado kifuani, alipopiga hatua mpaka katikati ya uwanja na kuinua mkono.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema. "Nina pingamizi."

Ungedhani ametangaza kwamba kuna nyama ya bure. Waliokuwa wameshapanda kilimani kukamata nafasi nzuri za kutazama magari waliteremka mbio. Kwaya iliacha ubeti katikati. Wapishi walibeba masufuria yao na mafiga yao, wakayasogeza mpaka mahali pa kusikia vizuri. Mzee Humphrey, mwenyekiti, ambaye alikuwa karani wa mahakama maisha yake yote na hajapata furaha nyingine tangu astaafu, alivaa koti juu ya fulana ya chama na kuomba meza.

"Taja pingamizi lako."

"Napinga kiti cha dereva cha Pijo ya Mama Evaline. Nasema si cha rika la gari."

Watu wakaguna kwa raha. Athumani, ambaye alikuwa na magari kumi na moja yanayopoteza mafuta juani, akasogea mezani.

"Samahani wazee wangu. Gari lile pale. Kiti kile pale. Si mtu ainue khanga tuangalie, tukimbize magari?"

Wale waliokuwa karibu naye walimtazama kwa huruma. Mzee Humphrey akavua miwani.

"Bwana Athumani, gari lina stika. Likishabandikwa stika hakuna mkono wa mtu unaoruhusiwa kugusa kitu ndani yake, isipokuwa kwanza ithibitike kwamba ukaguzi ulikuwa na kasoro. Hiyo ndiyo kanuni ya tisa. Ukianza na kuangalia, kesi itakuwa wapi?"

"Halafu ni khanga ya mwanamke," aliongeza mpishi mmoja. "Wewe uiinue kama nani?"

Athumani akaenda kukaa kwenye kivuli cha lori dogo, akaomba sahani ya makande.

Abednego akatoa ushahidi wake. Alieleza kwamba magari yote mkaguzi aliyakalia, la padri alilikalia, lake yeye alilikalia mpaka akahisi kisponji kisichozidi mkate. La Mama Evaline peke yake hakulikalia. Aliusukuma usukani kwa dirishani kama mtu anayenunua maembe. Kisha akamgeukia Clemence, ambaye sasa alikuwa amesimama mbele ya meza, kofia mkononi.

"Kijana, ulikaa au hukukaa?"

"Sikukaa."

"Kwa nini hukukaa?"

Clemence akaizungusha kofia mkononi.

"Ruhusa, mwenyekiti," alisema Evaline. Alikuwa anajisimamia mwenyewe, kama kawaida yake, na macho yalikuwa yanamng'aa. Mikono ameiweka nyuma, ovaroli imemkaa sawasawa, alimkaribia Clemence kiasi kwamba Clemence alirudi nyuma. "Bwana mkaguzi, ni kweli kwamba fundi mzoefu anaweza kukikagua kiti kwa macho?"

Ulikuwa mlango, tena mlango mpana. Alichotakiwa ni kuitikia tu.

"Kuna viti vinakagulika kwa macho," alisema Clemence.

"Na changu ulikitazama?"

"Niliitazama khanga, mama."

Watu wakacheka. Evaline akauma mdomo, akajaribu tena. "Pengine ulikibonyeza kwa mkono. Watu hawakuona, lakini ulikibonyeza."

"Sikukibonyeza."

"Wewe Clemence, nilikupokea mimi ulipozaliwa. Nilikushika miguu juu kichwa chini kabla mama yako hajakuona. Leo kiti changu unakiogopea nini?"

"Hakiogopi!" alidakia Abednego, na sauti yake ikapanda. "Mwenyekiti, mimi nitasema wanachokiogopa wengine kusema. Kijana huyu amekula! Mama huyu amemtia kitu mfukoni, ndiyo maana khanga haikuguswa!"

Hapo kicheko kiliisha. Kusingiziana kwenye kesi ni jambo la kawaida, lakini hilo lilikuwa jambo jingine. Fundi aliyekula rushwa mjini Same hata baiskeli haletewi tena. Lakini Clemence hakuifikiria gereji. Alimwona Evaline amesimama, mikono haipo tena nyuma, imeshikana mbele. Mkunga wa miaka yote ile, mwanamke ambaye alikataa hata kuku wa shukrani kutoka kwa wazazi, anaitwa mtoa rushwa mbele ya kwaya yake. Na neno la kumtoa hapo alikuwa nalo Clemence peke yake.

Alimtazama Jenifer. Jenifer akatikisa helmeti, hapana, usithubutu.

"Mama hajanipa kitu," alisema Clemence. "Sikukaa kwa sababu nisingeweza kukaa kwenye kiti cha mkwe wangu."

Kijiko cha mtu kilianguka ndani ya sufuria. Ndani ya Pijo, Jenifer alianza kushuka taratibu kwenye kiti, mpaka ikabaki helmeti, kisha helmeti nayo ikazama.

"Mkwe wa nani?" aliuliza Evaline.

Kila mtu alikuwa anapiga hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa fupi. Evaline ana binti mmoja.

Mzee Humphrey alikuwa wa kwanza kupata sauti, na ilikuwa sauti ya mtu aliyeletewa zawadi asiyoitarajia. "Kanuni ya kumi na mbili!" alisema. "Mkaguzi hatakagua gari la mzazi wake, ndugu yake, mwenzi wake wala mkwe wake. Akikagua, ukaguzi ni batili." Akaitazama saa. "Na ukaguzi ulifungwa saa tatu. Kwa hiyo hali ni hii. Kama kijana huyu ni mkwe wa Mama Evaline, stika ile haipo, na Pijo haipandi mlima. Kama si mkwe wake, basi hana sababu ya kumwogopa wala kumpendelea, na kwa kuwa kukaa kitini ni desturi yake tu wala si kanuni, ukaguzi wake ni wa mwisho, na Pijo inapanda kama ilivyo." Akaweka miwani sawa. "Mama Evaline, jibu ni lako peke yako. Huyu ni mkwe wako, au si mkwe wako?"

Kilichofuata ni kwamba Evaline alifanya kile alichozaliwa kukifanya. Alivuta pumzi, akageuka, akaanza kutembea mbele ya meza.

"Mkwe anatokana na ndoa, mwenyekiti. Ndoa inatokana na posa. Posa inaletwa na mshenga. Je, kuna mtu hapa aliyewahi kumwona mshenga nyumbani kwangu?"

"Hakuna," uwanja ukaitikia.

"Barua nimepokea? Wazee wake wamekuja? Pombe ya wazee imenywewa?"

"Hapana!"

"Basi mtu hawezi kujifanya mkwe kwa kukataa kukaa kwenye kiti. Ingekuwa hivyo, kila aliyesimama kwenye basi la kwenda Moshi angekuwa mkwe wa kondakta."

Watu wakapiga makofi. Mzee Humphrey alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali. Abednego alikuwa amekaa chini, kisponji magotini, anaona ubingwa unamponyoka kwa mara ya pili. Na Clemence alisimama palepale akisikiliza. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno la kweli lilimsogeza mbali na Jenifer. Hakuweza hata kukasirika. Mama alikuwa anashinda, na alikuwa anashinda vizuri sana.

"Kwa hiyo, mama," alisema Mzee Humphrey, "ieleweke hapa mbele ya wote kwamba kijana huyu si mkwe wako, si leo wala..."

"Subiri kwanza," alisema Evaline. "Jenifer! Shuka."

Mlango wa Pijo ukafunguka. Jenifer akashuka, akavua helmeti, nywele zimesimama, akaja mpaka kwa mama yake.

"Ni kweli?"

"Kweli, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka juzi."

"Eeeh!" ukasema uwanja mzima, na kwaya ikasema kwa sauti nne.

"Na amewahi kufika nyumbani kwangu mimi sipo?"

"Hataki, mama. Nimemwambia hata aje achukue maparachichi tu, hataki. Akinisindikiza anaishia pale darajani. Anasema kwako hapandi mpaka wazee wake watangulie." Jenifer akafuta macho kwa kiganja cha glavu. "Mimi ndiye niliyekuwa namwona mshamba."

Evaline alimgeukia Clemence. Kijana alikuwa amerudi nyuma tena bila kujijua, ameinamisha uso, anatazama viatu vyake vyenye mafuta. Alikuwa amevunjika moyo kabisa, na bado alikuwa hathubutu kumtazama usoni. Evaline alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mtu yeyote kwenye kesi. Kisha akatazama barabara, jinsi ilivyokuwa inapanda nyekundu kwenye ubavu wa mlima, kona moja baada ya nyingine mpaka kwao. Mwaka mzima alikuwa ameishi kwa ajili ya kona zile, na kila mtu alijua. Halafu akajitazama mwenyewe, ovaroli na suruali, na mara akaona aibu, mtu ambaye hakuwahi kuonekana ana aibu.

Akatembea mpaka kwenye Pijo yake. Akafungua mlango, akaishika khanga kwa pembe, akaivuta, akaikung'uta, akajifunga kiunoni, akaifunika suruali yote mpaka miguuni.

Kiti kikabaki wazi. Kilikuwa cha kijivu, cha manyoya, na kishikizo cha kichwa, na vitufe viwili pembeni vya kukisogeza mbele na nyuma.

"Si mnaona!" Abednego aliruka juu na kisponji chake. "Kiti cha Noah! Kiti cha Noah hicho! Jamani, tazameni!"

Hakuna aliyetazama. Wote walikuwa wanamtazama Evaline, ambaye amerudi mbele ya meza, khanga imemkaa, hatua zimekuwa fupi, na sauti imeshuka.

"Mwenyekiti, mwambie kijana yule arudi nyuma zaidi. Hata kama ni kesi, mtu hasimami karibu hivyo na mama mkwe wake."

Clemence alirudi nyuma. Alirudi nyuma mpaka akaigonga Landrova ya Abednego, na hapo akaketi kwenye bampa na kufunika uso kwa kofia. Athumani akamletea maji. Mpishi mmoja akapiga kigelegele, kikapokewa, na Jenifer akamkumbatia mama yake mpaka helmeti ikadondoka.

"Utaratibu! Utaratibu!" Mzee Humphrey alikuwa anagonga meza kwa kijiko. Vigelegele vilipotulia akakiweka kijiko chini. "Kwa hiyo ukaguzi ni batili, na Pijo haipandi. Mama Evaline, unakubaliana na uamuzi?"

"Kuhusu gari," alisema Evaline, "nakata rufaa."

"Na kuhusu kijana?"

Evaline akaiweka khanga sawa kiunoni. Hakugeuka kule kwenye Landrova, kwa kuwa mama mkwe hamkodolei macho mkwe wake.

"Kuhusu kijana alete wazee wake," alisema. "Huyo simkatii rufaa."